Kiganja cha Mchuma Chai na Fimbo ya Gofu

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka, lakini nadhani hawakuwa wameuona mchezo wa gofu. Katika mchezo huo mikono miwili hushika kitu kimoja, na kinachomponyoka mchezaji si fimbo bali ni mpira, ambao huingia kichakani, majini au katikati ya michai, mradi usiende kule ulikoelekezwa. Mwulize aliyepatwa na msiba huo sababu yake naye atakutajia upepo, mvua ya jana, fimbo aliyoiazima, na hata kijana aliyembebea mkoba. Ni nadra mno kumsikia akivitaja viganja vyake mwenyewe.

Nalileta jambo hili mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu maalumu. Mwezi Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za sekondari ya juu, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyowekewa ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Michezo, basi, si tena kipindi cha kupunga hewa baada ya hisabati. Ni somo, na somo huhitaji mada, zana na mwalimu anayejua anachokisema. Kandanda tunaijua. Riadha ndiyo kabisa, maana huku kwetu mtoto huzaliwa akikimbia. Lakini Kericho pana uwanja wa gofu wenye mashimo tisa uliozungukwa na chai, na Nandi Hills pana mwingine, na hadi leo shule nyingi za jirani huutazama mchezo huo kama mtu atazamavyo harusi ya tajiri kupitia ua.

Dai langu ni hili: gofu inaweza kufundishwa katika shule ya kawaida ya nchi ya chai kwa fimbo moja kuukuu, mradi mwalimu aanze na mshiko, aufundishe kwa Kiswahili, na aufundishe kwa kurejelea kazi ambazo mikono ya wanafunzi wake tayari inazijua.

Tuanze na kosa lenyewe. Kanuni za gofu humruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Ndefu kuliko zote ni draiva (namaanisha fimbo, si yule dereva wa lori la majani mabichi), ambayo hukaribia sentimita 114. Fimbo ya kuutoa mpira mchangani ni fupi kwa kadiri ya sentimita 25, na ile ya kuusukumia mpira shimoni ni fupi zaidi kidogo. Uso wa draiva umesimama karibu wima, umelala nyuzi 10 hivi tu. Uso wa fimbo ya mchangani umelala nyuzi 56 au zaidi. Zana hizi zimetofautiana kama panga, kisu cha jikoni na wembe. Hata hivyo, mwanafunzi anayezishika kwa mara ya kwanza huambiwa neno moja kwa zote: "Shika kwa nguvu!" Naye hutii. Hukaza hadi vifundo vya vidole vikageuka vyeupe, mabega yakapanda masikioni, kisha akapiga ardhi.

Mwalimu wa biolojia anaweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko mwalimu wa michezo. Misuli mikubwa inayovifunga vidole haimo vidoleni. Imelala katika kigasha, na kano zake hupita kwenye kifundo cha mkono kama kamba zinazopita katika kapi. Mtu akivibana vidole kupita kiasi, kifundo nacho hukakamaa, na kifundo kilichokakamaa hakiwezi kujikunja na kujifungua ili kukipa kichwa cha fimbo mwendo. Kwa maneno mengine, anayetafuta nguvu kwa kukaza huipoteza papo hapo anapoitafuta.

"Lakini nisipokaza fimbo itaruka!" mwanafunzi atasema. Hapo na tumwite mwalimu wa fizikia. Kichwa cha draiva kina gramu 200 hivi. Kikipita chini kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde katika duara lenye nusukipenyo cha mita moja na nusu, nguvu inayohitajika kukizuia kisichomoke ni nyutoni 213 hivi, yaani karibu sawa na kuuning'iniza mtungi wa maji wa lita 20. Huo si mzigo mdogo. Lakini zingatia kwamba mtungi huo haupo wakati mchezaji amesimama akiutazama mpira. Huja kwa nukta moja ya mwendo, kisha hutoweka. Viganja vyenye afya hujikaza vyenyewe mzigo unapoongezeka. Msichana anayechota maji mtoni hahitaji kuambiwa akaze mkono mtungi unapojaa, na wala hatoki nyumbani akiwa ameukaba mtungi mtupu.

Neno hilo "kukaba" linanileta kwenye lugha, na hapa naomba walimu wa Kiswahili wanivumilie. Vitabu vya gofu vya Kiingereza vina fumbo moja ambalo limewapoteza wengi. Huuita mshiko "wenye nguvu" ule ambao mikono imegeuzwa kidogo kuelekea kulia juu ya mpini, na huuita "dhaifu" ule uliogeuzwa kushoto. Nguvu hiyo haihusiani hata chembe na kukaza. Mtu anaweza kuwa na huo mshiko wenye nguvu huku vidole vyake vimelegea kama vya mtoto aliyelala. Mwanafunzi anayesoma peke yake kitabu cha aina hiyo huambiwa autie mshiko wake nguvu ili mpira usipinde kulia, naye huubana mpini mpaka mkono ukamwuma, na mpira ukazidi kupinda.

Sisi hatuna haja ya kuurithi mkanganyiko huo. Kiswahili kinatofautisha kugeuza na kukaza, na hata kukaza kwenyewe kina ngazi zake. Mama humshika mtoto mkono wakivuka barabara. Askari humkamata mwizi. Mwenye sarafu moja huifumbata. Koleo hubana, na chatu hukaba. Mwalimu akiwa na vitenzi hivi mdomoni amekwisha kupata nusu ya somo: draiva hufumbatwa, fimbo iliyomo katika nyasi ndefu hukamatwa, ya kusukumia shimoni hushikwa tu. Hakuna hata moja inayokabwa.

Nusu ya pili ya somo imo shambani. Mtazame mchuma chai hodari. Anatafuta majani mawili na kichipukizi, na hukata kwa ncha ya kidole gumba na kidole cha shahada, kwa kuvunja wala si kwa kuvuta. Hakijazi kiganja kupita kiasi, wala hakifumbi kwa nguvu, kwa sababu jani lililopondeka huanza kupata joto na kubadilika rangi kabla halijafika kiwandani, na majani ya namna hiyo hukataliwa kwenye kituo cha kununulia. Mtoto aliyelelewa katika shamba dogo la Konoin au la Litein amelisikia onyo hilo tangu utotoni. Anajua kwa vidole, bila kujua kwamba anajua, tofauti ya kushika na kuponda.

Sasa mtazame mtoto huyo huyo akilima. Jembe halishikwi kwa kidole gumba na cha shahada. Mpini hukaa katika mizizi ya vidole, na vidole vitatu vya mwisho ndivyo vinavyouzuia usichomoke jembe linaposhuka. Gofu hutaka mambo hayo mawili kwa wakati mmoja. Kwa anayetumia mkono wa kulia, vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto hufanya kazi ya jembe, navyo ndivyo nanga ya mshiko mzima. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia hufanya kazi ya chai, yaani hugusa bila kuponda. Walimu wengi wa gofu wa ng'ambo hutumia miezi wakijaribu kuwazuia wanafunzi wao wasiubane mpini kwa vidole hivyo viwili vya kulia. Nani aliye tayari kwa somo hilo kuliko mtoto wa mchuma chai?

Nikiwa ningali katika mpangilio wa mikono, niseme neno kuhusu mtindo wa kuiunganisha. Mwingereza Harry Vardon, aliyeshinda shindano kuu la Uingereza mara 6 kati ya mwaka 1896 na 1914, aliueneza mtindo wa kulaza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia juu ya vidole vya kushoto, na wengi huutumia hata leo. Jack Nicklaus na Tiger Woods wao walivisuka vidole hivyo. Mtoto wa miaka 10 mwenye viganja vidogo aachwe ashike kwa vidole vyote kumi, kama ashikavyo jembe. Mwalimu asimtese kwa ajili ya Vardon.

Ni kwa kiasi gani, basi, mshiko ubadilike kutoka fimbo hadi fimbo? Kwa fimbo za chuma za katikati, mpira ukiwa umelala vizuri juu ya nyasi fupi, hakuna la kubadilisha. Jambo la maana ni kwamba kiasi chochote kilichochaguliwa mwanzoni kisiongezwe ghafla wakati wa kushuka, maana hapo ndipo uso wa fimbo hupotoka. Draiva nayo, kinyume cha wanavyodhani wengi, haihitaji kukazwa zaidi ya hizo. Inahitaji uangalifu zaidi wa kugeuza, kwa sababu uso wake ulio karibu wima huuonyesha upotofu wowote wa mikono, hali fimbo fupi huuficha kwa kuuzungusha mpira kinyumenyume hewani. Ndiyo maana mwanafunzi huona fimbo fupi zikimtii na draiva ikimwasi, huku kosa likiwa ni lile lile. Mmarekani Ben Hogan, aliyesumbuliwa na mpira wa kupinda kushoto, aliugeuza mkono wake wa kushoto kidogo tu na akawa bingwa; kitabu chake cha mwaka 1957 hakizungumzii jambo lolote kabla ya mshiko.

Kwenye nyasi ndefu mambo hubadilika. Nyasi za kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ingawa leo zimeenea Afrika Kusini, Australia hadi California, na wachezaji wa huko huzilaani kwa jina letu. Mashina yake hutambaa na kusukana kama mkeka. Fimbo ikipita humo, nyasi huishika shingoni, upande wa ndani wa kichwa husita na ncha huendelea, uso ukajifunga, na mpira ukatupwa kushoto. Hapa ndipo mahali pa kukaza. Lakini kaza nini? Vidole vile vitatu vya mkono wa kushoto tu, huku ukiwa umeshuka kidogo kwenye mpini ili fimbo iwe fupi. Mkono wa kulia ubaki kama ulivyokuwa. Anayekaza yote miwili huwa ameleta gogo mahali palipohitaji panga.

Mchangani ni kinyume. Mchezaji hutakiwa aufungue uso wa fimbo kwanza, uangalie juu, na baadaye ndipo ashike. Wengi hushika kwanza kisha wakazungusha vifundo vya mikono ili uso uonekane umefunguka, na fimbo ikishuka mikono hurudi ilikozoea na uso hujifunga tena. Mshiko hapa uwe mwepesi, fimbo iteleze chini ya mpira ikiubeba pamoja na mchanga.

Na fimbo ya kusukumia shimoni? Hiyo hailazwi vidoleni bali hupita katikati ya kiganja, vidole gumba vikielekea chini, ili kifundo kitulie na mabega ndiyo yafanye kazi. Ishikwe kwa wepesi kuliko zote. Mvua za Kericho huufanya uwanja kuwa mzito na mpira kwenda polepole, na mchezaji asiyejua huongeza nguvu kwa kubana. Dawa ni kurefusha mwendo wa fimbo, kiganja kikibaki vile vile.

Madhali nimeitaja mvua, kila mkazi wa huku anajua kwamba alasiri ni yake, na pengine huja na mawe. Mpini uliolowa huteleza, na mkono ukiogopa hujifunga wenyewe. Kitambaa kikavu kilichofungwa mkobani kina thamani kuliko mahubiri yoyote juu ya mshiko. Glovu nyembamba ya ngozi ikilowa huwa kama samaki. Ya pamba hushika vizuri zaidi. Haya makedi wanayajua sana, na nitawarudia.

Wapo watakaoniuliza fimbo 14 za shule zitatoka wapi, wakati madawati yenyewe hayatoshi. Nilisema fimbo moja. Severiano Ballesteros alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Uhispania, katika familia ya wakulima. Utotoni alikuwa na fimbo moja tu ya chuma, namba 3, aliyopewa na kaka yake, na aliichezea ufuoni mwa bahari. Namba 3 haikuundwa kwa mchanga wala kwa mipira mifupi ya juu. Kwa kuwa fimbo haikuweza kubadilika, ilibidi mikono ibadilike: ashuke kwenye mpini, ageuze, afungue, alegeze. Alipokuja kupata mkoba kamili, mikono yake ilikuwa imejifunza kila lugha. Mwaka 1978 alishinda mashindano ya Kenya Open hapa hapa nchini, na mwaka uliofuata akashinda shindano kuu la Uingereza. Sisi wenyeji, kuanzia mashindano hayo ya kitaifa yalipoasisiwa mwaka 1967 hadi yale ya mwaka 2025, hatukuwa tumepata mshindi hata mmoja. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya mshiko. Nasema kwamba tumekuwa tukiwatafuta wachezaji miongoni mwa wenye mikoba iliyojaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami siwezi kulipita kwa mzaha. Gofu na chai viliingia Kericho kwa mlango mmoja, wakati wa ukoloni, na wenyeji ndio waliotolewa nje. Watu wa ukoo wa Talai walihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi mwaka 1934, na madai ya ardhi za Wakipsigis hayajaisha mpaka leo. Mzee anayeuona uwanja wa gofu na kukumbuka malisho ya babake hana haja ya kuambiwa na mwandishi wa gazeti kwamba mchezo ni mzuri. Ninaloweza kumwambia ni kwamba kumnyima mjukuu wake fimbo hakutairejesha ardhi. Wajukuu wa waliofaidi mashamba hayo wanafundishwa mshiko wakiwa na miaka 6.

Kuna jambo lingine linalonifanya nione kwamba wakati unatupita. Mwezi Mei mwaka 2023 mashine za kuchuma chai ziliteketezwa Kericho katika maandamano ya wakazi waliolalamikia kupotea kwa kazi. Haki na batili ya tukio lile ni mjadala wa siku nyingine. Lakini mashine na makasi yanapozidi kuenea katika mashamba makubwa, ule ujuzi wa vidole niliousifu utabaki kwa wakulima wadogo, na baadaye pengine kwa wazee tu. Shule zetu hazijawahi kuuhesabu kuwa ujuzi. Mwanafunzi akiulizwa mzazi wake anafanya kazi gani, husema "anachuma tu", kana kwamba "tu" hilo ni sehemu ya kitenzi.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza muhula ujao, ushauri wangu ni huu. Atafute fimbo moja ya chuma namba 7, iliyotumika, na mpini wake ukiwa umechakaa auviringie ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Wiki mbili za mwanzo wanafunzi wasipige mpira hata mmoja. Washike, waachie, washike tena, huku mwenzao akijaribu kuichomoa fimbo taratibu: isichomoke, lakini igeuke kidogo ikigeuzwa. Kisha wapige kutoka kwenye nyasi fupi, nyasi ndefu na udongo mkavu, wakieleza kwa maneno yao wamebadilisha nini kiganjani.

Na mwalimu asiyeujua mchezo asione haya. Karibu na kila uwanja wapo makedi, vijana na watu wazima waliozaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba na katika vijiji vya jirani, ambao wameitazama mikono ya wachezaji kwa miaka mingi na wanaweza kukisia mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa. Dismas Indiza, anayejulikana nchini kote, aliianza safari yake kwa kubeba mikoba Mumias, katika nchi ya miwa. Nchi ya chai ina watu wa namna hiyo, ila hakuna shule iliyowaita darasani. Walipwe posho ya nusu siku kutoka kwa fedha za michezo, wasimame mbele ya Gredi ya 10, na wenye viwanja watoe asubuhi moja ya katikati ya wiki, wakati ambapo nyasi hukatwa na hakuna mwanachama anayecheza.